Mkono Unaochechemea

Habari ya kifo cha Mwalimu Mukabwa ilinikuta dukani, bisibisi mkononi, nikiifungua simu ya mama mmoja aliyeiangusha ndani ya sufuria ya maharagwe. Mimi ni fundi wa simu mjini Kakamega. Simu yangu mwenyewe ililia mara moja, kisha mara kumi mfululizo, nikajua ni lile kundi letu la darasa, ambalo hulala miezi mitatu na kuamka mtu akioa au akifa. "Mwalimu ametuacha. Anazikwa Jumamosi nyumbani kwake, Iguhu. Kwaya ya zamani mjipange." Zikaja pole, zikaja aya za Biblia, zikaja picha za mishumaa. Baada ya saa moja msiba ukageuka hadithi, kama kawaida yetu, na hadithi zikageuka mizaha. Ndipo mmoja wetu, mtu mzima mwenye watoto watatu na kitambi, akatuma sauti ya zamani na kuandika chini yake: "Nani anakumbuka hii?" Sekunde kumi na tisa. Sikuifungua, maana nilikuwa naijua yote. Vikaanza kumiminika vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nimetuma pole yangu mara tu baada ya sauti ile, kwa hiyo niliweza kuona ni akina nani wamesoma mpaka pale. Asubuhi hiyohiyo Wycliffe, mwenzetu wa kwaya, alikuwa amemwingiza kundini Titus Lihanda, ambaye hakuna aliyekuwa na namba yake kwa miaka kumi na mitano. Jina lake lilikuwa miongoni mwa waliosoma. Hakuandika neno, wala hakutoka.

Nilifunga duka mapema, nikamwambia yule mama arudi kesho. Kuna neno moja nililopaswa kumwambia Titus mwaka wetu wa kidato cha tatu. Nilipata nafasi tatu za kulisema, na mara zote tatu likanikwama, mimi ambaye sijawahi kuwa na kigugumizi. Mwenye kigugumizi alikuwa yeye. Na sauti ile ya sekunde kumi na tisa ilikuwa ni yeye akijaribu kutaja jina lake, huku ngoma ikimfuata nyuma kwa dhihaka, mpaka mwisho ambapo mtu anapiga ukelele na watu wanacheka. Aliyerekodi alijulikana. Aliyepiga ukelele alijulikana. Aliyepiga ngoma hakujulikana, au mimi niliamini hivyo.

Ngoma zetu zilikaa katika chumba kidogo kati ya jiko la shule na maabara, chumba kisicho na dirisha, chenye magunia ya vitunguu upande mmoja na ngoma upande mwingine, kikinuka vyote viwili pamoja na ngozi ya kenge. Ngoma za isukuti huwa tatu, na sisi huziita baba, mama na mtoto. Mimi nilikuwa nampiga mtoto, ile ndogo inayobanwa kwapani, na nilikuwa na kasoro moja: pigo langu la tatu lilichelewa. Si sana, kiasi cha mtu kumeza mate. Mwalimu Mukabwa alijaribu kuiondoa kasoro ile tangu kidato cha kwanza. Alikuwa mtu mfupi mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata jua likiwaka, na akikasirika alikuwa anashusha sauti badala ya kuipandisha. "Ambani," aliniambia, "mkono wako unachechemea." Alinigonga vidole kwa rula, alinifunga uzi kwenye kiganja, akachoka. Siku moja akasema, "Basi uache uchechemee. Angalau nikiwa jikoni nakunywa chai nitajua ni wewe." Wenzangu walicheka, nami nikaona nimesifiwa.

Titus alikuwa jirani yangu wa dawati tangu siku ya kwanza, mrefu, mwembamba, mtu wa upande wa Malinya. Akiimba hakuna kilichomzuia. Akitaka kusema, hasa jina lake, neno lilisimama mlangoni likakataa kutoka wala kurudi. Kuna walimu waliokuwa wanamsimamisha asome kwa sauti, wengine kwa kutojua, mmoja kwa kujifurahisha. Basi mimi nilianza kumpigia vidole chini ya dawati, polepole, tu-tu-tu, na lile la tatu likichelewa kama kawaida yake. Titus alikuwa anavuta pumzi kwenye lile pengo, kisha neno linatoka. Hatukuwahi kulizungumzia. Kwa miaka miwili alisoma hivyo, mwalimu akidhani kijana amepona, na mimi nikihesabu moyoni kwamba ulimi wake ni mali yangu kidogo. Nikifikiria sasa, hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia, ndani ya wema.

Miaka hiyo miwili mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo katika kwaya. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu Mwalimu akampa Titus. Hakunieleza. Nilisikia sababu kwa bahati mbaya, nikiwa chumba cha ngoma nakaza ngozi, yeye akiwa jikoni upande wa pili wa ukuta na mpishi wetu, mzee aliyekuwa anamtilia chai kabla ya mtu yeyote. "Ambani anaimba ili asifiwe," Mwalimu akasema. "Huyu mwingine anaimba ndio apumue." Mpishi akasema, "Lakini Mwalimu, huyo kijana hawezangi kusema hata jina yake." Mwalimu akajibu, "Atasema. Wimbo wa kwetu hauanzwi na mtu hana jina." Hilo ndilo lilikuwa sharti lake. Kwetu anayeanzisha isukuti hujitaja kwanza: mimi ni fulani, mwana wa fulani, wa ukoo fulani, ndipo ngoma imjibu. Shule nyingine ziliweka kijana mwingine atangaze kwa Kiingereza cha kukariri. Mwalimu Mukabwa aliona huo ni uhuni. Nilibaki pale na lile gunia la vitunguu, masikio yakiwaka. Nilikuwa na miaka kumi na saba na hakuna mtu aliyewahi kunisema kweli namna ile.

Katika mazoezi ya kwanza Titus alisimama mbele yetu akafungua mdomo. "Mimi ni Ti-ti-ti-ti." Nilipeleka vidole kwenye ngoma kumsaidia, Mwalimu akaninyooshea kidole. "Mwache." Tukangoja. Mwalimu alikunja mikono akangoja kana kwamba ana siku nzima. "Ti-ti-ti." Jasho lilimtoka Titus shingoni, macho yakamtoka, na mwisho jina likatoka lote kwa mkupuo, "Titus wa Lihanda!" akaingia kwenye wimbo, na chumba kizima kikasisimka, pamoja na mimi. Kile ambacho Mwalimu hakujua ni kwamba ndani ya ngoma baba, iliyo wazi upande wa chini, Wycliffe alikuwa amefunga soksi, na ndani ya soksi mlikuwa na simu. Simu zilikuwa marufuku. Wycliffe alikuwa nazo mbili. Siku ile alikuwa ameacha moja ikirekodi, anasema alitaka wimbo tu, na mimi namwamini.

Jumamosi mchana, tukifagia chumba kile, alinichezea kile kipande. Alikuwa anacheka kidogo, bila nguvu, na kama ningenyamaza angekifuta. Lakini mimi nilisema, na nakumbuka vizuri kwa sababu lilikuwa neno langu mwenyewe, "Hiyo ni pikipiki imekataa kuwaka." Wycliffe akaanguka juu ya magunia kwa kicheko. Basi nikamchukua mtoto, nikambana kwapani, nikamwambia acheze simu moja na kurekodi kwa ile nyingine. Nikapiga. Kila "ti" ya Titus nikaipatia pigo lake. Mwishoni Wycliffe akapaza sauti, "Piga kiki, mzee!" kama wanavyosema vijana wa bodaboda injini ikigoma, tukacheka wote wawili, mimi kwa kuziba mdomo. Haikuchukua hata dakika tano. Nimewahi kusikia watu wakisema hawajui ni nini kiliwaingia. Mimi najua. Ulikuwa wivu, na siku ile ulikuwa mtamu.

Wakati ule sauti haikutumwa kama leo. Ilikwenda kwa Bluetooth, simu zikiwekwa pua kwa pua, na kwa sababu simu za bweni letu zilikuwa chache na za siri nilidhani itaishia kwa watu sita. Jumapili jioni kila bweni lilikuwa nayo. Likizo fupi ya katikati ya muhula ikaja, watu wakaenda nayo nyumbani, mtu akaipandisha kwenye ukurasa wa udaku wa shule mtandaoni, na tuliporudi wasichana wa shule jirani walikuwa wanaijua. Vijana wa pikipiki kwenye njia panda waliifanya mlio wa simu. Titus akishuka na sanduku lake, simu ya mtu asiyemjua ikalia jina lake.

Nataka kueleza vizuri kilichompata, kwa maana pale kundini watu wanaandika "tulikuwa watoto" na kuweka vikatuni. Kwanza aliacha bwalo la chakula. Ili mpishi akuongezee ugali ulikuwa lazima useme "ongeza," na kila Titus alipofika mbele ya sufuria meza nzima ilipaza sauti: "Piga kiki!" Basi akawa anakula mahindi makavu aliyokaanga nyumbani, akiyatoa mfukoni moja moja. Kisha aliacha kuitika majina yakiitwa, kwa sababu hata "nipo" ilikuwa na watu wanaoisubiri. Kiranja akamwandika hayupo, hali amesimama mbele yake, na kila Ijumaa akaadhibiwa kwa utoro. Alikuwa analima lile shamba nyuma ya vyoo bila kujitetea. Tumbo likaanza kumuuma kila asubuhi, muuguzi akampa dawa ya minyoo. Katika hesabu, somo alilokuwa ananishinda, alitoa karatasi tupu. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega na niliyaona yote. Siku moja mwalimu wa historia alimsimamisha asome, nikapeleka vidole chini ya dawati kama zamani. Titus aligeuka akaviangalia vile vidole. Kisha akafunga kitabu, akakaa chini, akangoja kuchapwa. Nikasema moyoni, haya, kama hataki msaada basi.

Nafasi yangu ya kwanza ilikuja Wycliffe aliponaswa na simu. Mwalimu Mukabwa alitukusanya wanakwaya wote chumba cha ngoma, akafunga mlango, tukabanana na vitunguu. Naibu wa mwalimu mkuu alitaka kucheza ile sauti mbele yetu. Mwalimu akamzuia. "Mimi siisikilizi. Mtoto amevuliwa nguo, nikamwangalie ya nini?" Kisha akashusha sauti, tukajua tumekwisha. "Kuna mtu alirekodi, huyo tuko naye. Kuna mtu alipiga ngoma. Nangoja." Alikunja mikono kama alivyomngojea Titus siku ile. Wycliffe aliangalia sakafu. Mimi niliangalia sweta ya kijani, kifungo cha pili, kilichokuwa kimeshonwa kwa uzi mweupe. Neno lilifika kooni. Nililiona kabisa, ni mimi, maneno mawili tu, na mtoto wa chekechea angeyasema. Jiko upande wa pili lilikuwa linapakua githeri, tukasikia kengele ya chakula, na Mwalimu akasema, "Nendeni mkale, kama mtaweza." Mimi niliweza. Wycliffe alifukuzwa wiki tatu na hakunitaja, wala hajawahi kunitaja.

Ya pili ilikuwa kwenye mashindano ya wilaya, mjini hapa Kakamega, ukumbi umejaa shule kumi na tano. Tulivaa ngozi na njuga, tukapanga mstari, Titus akatoka mbele. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, mtoto kwapani. Akavuta pumzi. "Mimi ni Ti." Akasimama. Wakati wa mazoezi tulishazoea kumngoja, na hakika angefika. Lakini kutoka viti vya nyuma simu ya mtu ikalia. Ngoma yangu ilitoka kwenye simu ile, ndogo na kali, na sauti ya Titus mwenyewe ikamalizia mbele ya watu mia tano kile alichokuwa anajaribu kusema. Ukumbi ukalipuka. "Piga kiki!" Hata walimu walicheka, niliwaona. Titus hakuwaangalia. Aligeuka nyuma, akaniangalia mimi, akaangalia mkono wangu juu ya ngozi, akaniangalia tena. Nikadhani ananiomba nimwokoe. Nikasogea mbele, nikasema, "Mimi ni Josphat wa Ambani!" kwa sauti iliyonyooka, na nikaanza wimbo. Tulishika nafasi ya pili. Kwenye basi tulipewa mkate nusu na soda kila mmoja, na wenzangu walinibeba mabegani kabla hatujapanda. Titus alishika soda yake mpaka lango la shule bila kuifungua. Jumatatu asubuhi kitanda chake kilikuwa chuma kitupu, na sanduku halipo.

Baada ya wiki mbili Mwalimu Mukabwa aliniita peke yangu. "Nenda Malinya, umwambie arudi." Nikauliza kwa nini nisiende na kiranja. Alijibu, "Nimekutuma wewe." Nilimkuta mama yake Titus akipepeta mahindi mbele ya jiko. Alinisalimia kwa mulembe, akaniketisha, akaniwekea obusuma, ugali wa kwetu, na mboga za kienyeji, akakaa kunitazama nikila. "Wewe ndiye Josphat? Alikuwa anakutajanga sana," akasema. "Sasa hatajangi mtu. Akitoka kwa shimo ananawa, anakula, analala. Zamani akienda mtoni nilikuwa namsikia anaimba mpaka huku. Mtoto wangu mlimfanyia nini huko?" Aliuliza kwa upole, akitaka kujua kweli. Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikasema, "Mama, watoto wa shule ni wabaya tu." Akaniongezea mboga.

Mashimo ya dhahabu yalikuwa mteremkoni, chini ya migomba, mengine yamefunikwa kwa matawi, mengine wazi. Juu ya moja walisimama wanaume wawili kwenye roda ya mti, na Titus alikuwa tayari amefungwa kamba kiunoni, tochi kichwani, matope mpaka kwenye nyusi. Aliponiona alisimama pale ukingoni. Hakushangaa, na jambo hilo lingenifungua macho, lakini sikuwa na macho siku hizo. Alisema, "Uko na k-k-k," na mimi, kwa mazoea, nikamalizia, "Kitu ya kukuambia?" Akatikisa kichwa: ndiyo. Akangoja. Nilitazama lile shimo, halikuwa na mwisho. Nilijua nikisema, ataivua kamba au atanipiga, na vyote viwili vilikuwa bora kuliko kushuka. "Mwalimu anasema urudi," nikasema. "Mtihani ni mwaka ujao. Watu wamesahau." Aliendelea kungoja. Mmoja wa wale wanaume akasema, "Vijana, mnaongea ama tunashusha?" Titus aliniangalia kitambo kirefu, akatema mate pembeni. "Shusha," akasema, bila kukwama popote. Kamba ikaanza kwenda. Nilisimama mpaka iliposimama, kisha nikageuka nikarudi shule, nikamwambia Mwalimu kwamba amekataa. "Hivyo tu?" akauliza. Nikasema hivyo tu.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku nne, na habari ikaja kwamba shimo la Malinya limeporomoka na vijana wawili wamo. Hawakutaja majina. Siku mbili nzima nilijifungia chumba cha ngoma nikamwahidi Mungu kila kitu. Walipotolewa, hai wote wawili, ikajulikana Titus hakuwa mmoja wao. Basi nikaisahau ile ahadi, na hilo linanitia aibu kuliko ngoma yenyewe. Titus hakurudi shule. Nilisikia baadaye kwamba anachimba visima vya maji, ana mke, na kanisani hukaa nyuma. Mwaka mmoja mteja aliniletea simu ya zamani ya vitufe, nikaikuta sauti ile ndani ya memori. Niliifuta bila ruhusa, nikajiona nimetenda haki.

Jumamosi nilifika Iguhu mapema. Hema lilikuwa limepigwa, kina mama wakichinja kuku nyuma ya nyumba, na Wycliffe, ambaye siku hizi ni mchungaji, akigawa ratiba. Aliniambia ngoma zinapashwa moto nyuma ya jiko, niende nizikague. Nilikuta moto mdogo wa magunzi, ngoma tatu zimeelekezwa ngozi kwenye moto, na mtu mrefu amechutama akimgeuza mtoto taratibu ili ngozi isiungue. Nywele zimeanza mvi pembeni. Sikumsalimia hata. Niliogopa nikisalimia nitapata mahali pa kujificha.

"Titus, ni mimi niliyepiga ile ngoma."

Hakuinua kichwa. Aligonga ngozi kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni. "Nilijua," akasema. "S-s-siku ya kwanza kuisikia. Kwa njia panda, n-nikishuka na sanduku." Alinyoosha vidole akapiga hewani, tu-tu, akangoja, tu. "Nani mwingine anapiganga hivyo? Hawa wengine w-walikuwa wananicheka, hiyo nilizoea toka nikiwa m-mdogo. Lakini hiyo pigo ya tatu ndio nilikuwa nap-p-pumulia." Niliketi chini kwenye majivu na suti yangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, akashangaa kweli. "Niseme mimi? M-Mwalimu alikuja nyumbani, akaniambia yeye pia anajua, aliisikia pale ukumbini. Alisema, nitam-mtuma yeye mwenyewe, akifika atasema. Ndio nikakungoja pale kwa shimo."

Nilianza kuomba msamaha, maneno mengi, mazuri, nayajua kuyapanga. Akaninyooshea kiganja. "M-mimi nilikuwa najua. Ambia wale hawajui."

Nilitoa simu. Pale kundini tulikuwa watu themanini na sita, na ile sauti bado ipo, na vikatuni vyake chini. Nilibonyeza kile kitufe cha kurekodi. Nikasema mimi ni Josphat wa Ambani. Ngoma mnayoisikia kwenye ile sauti niliipiga mimi, Jumamosi, chumba cha vitunguu, kwa wivu, kwa sababu Titus alipewa wimbo na alistahili. Neno la pikipiki lilikuwa langu. Wycliffe aliadhibiwa akaninyamazia. Nilitumwa Malinya nikaseme, nikala chakula cha mama yake nikarudi bila kusema. Anayecheka sasa anicheke mimi. Nikaachia kitufe, ikaenda. Sekunde arobaini na moja. Tulikaa tukaangalia majina ya waliosikiliza yakiongezeka, mmoja mmoja. Upande wa mbele wa nyumba nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye simu ya mtu, kisha ya mwingine, na mazungumzo ya waombolezaji yakapungua.

Titus alisimama, akafungua mdomo. "Si," akasema. "Si-si-si." Nilijua linakokwenda. Si kitu, Josphat. Si neno, yamepita. Lilikuwa mdomoni mwangu tayari, limeiva, miaka kumi na mitano nalingojea, na vidole vyangu vyenyewe vilikuwa vimeanza kutafuta mahali pa kugonga. Nikavikunja ngumi. Mama mmoja alipita na karai la maji, akatutazama, akaenda. "Si-si." Jasho lilimtoka shingoni kama zamani. Nilikunja mikono nikangoja, kama alivyotufundisha marehemu, mpaka likatoka lote.

"Sijakusamehe."

Kisha akamwinua mtoto kutoka motoni, akampiga mara moja kuona kama ngozi imekaza, akaniwekea mikononi. "T-twende," akasema, "Mwalimu anangoja." Akatangulia kwenda mbele ya watu kutaja jina lake.